Kabla Hujatoa Hela: Vitabu vya Fani kwa Mnunuzi wa Tanga

Kitabu cha fani, yaani cha marejeo ya jambo maalumu, hakichaguliwi kwa jalada, wala kwa sifa zilizopangwa nyuma yake. Mimi nikishakishika natafuta kwanza kitu ninachokijua toka utotoni, nione walioandika wamekisemaje. Mtu aliyekulia Ngamiani, hapa Tanga mjini, ana mambo ambayo hadanganyiki: anajua bamvua na maji mafu, anajua samaki tasi akimchoma kwa miiba yake usiku hapati usingizi, anaujua mwarobaini uliojiotea uani. Kitabu kikiteleza hapo, kwa nini nikiamini kwenye kurasa nisizozijua?

Kwa kipimo hicho nimevipanga vitabu vilivyoingia nyumbani kwetu kwa miaka kumi na zaidi. Mpangilio huu ni wa mtu mwenye baba mdogo mvuvi Kigombe, mama mkwe mkulima Muheza, na watoto shuleni. Mwenye maisha mengine ataupangua. Bei siziandiki. Muuzaji wa dukani na yule aliyetandika turubai pembeni ya barabara hawalingani hata siku moja, na wa turubai hukutajia bei kwa kutazama viatu vyako.

Ya kwanza: kamusi, ila kagua toleo

Ukisema "kamusi" hapa mjini, mara nyingi unapewa Kamusi ya Kiswahili Sanifu bila kuulizwa swali la pili. Si chaguo baya. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 ikiwa ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ikarudi 2004, na toleo la tatu likatoka 2013, TUKI ikiwa imeshageuka TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Balaa ni kwamba matoleo yote matatu bado yanazunguka sokoni, na jina ni lilelile. Mtu anaomba kamusi anapewa kamusi, kumbe ya tangu babu yake yu kijana.

Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu moja "mpya kabisa", imefungwa nailoni, hairuhusiwi kufunguliwa mpaka ulipe. Tulipoifungua nyumbani ikawa kopi ya kudurufu. Herufi za katikati ya ukurasa zimefifia kama zimeandikwa kwa chai, kurasa za M zimejirudia mara mbili, halafu N inaanzia katikati. Nilirudi kesho yake, turubai lilikuwa limeshahama. Tangu hapo nikikatazwa kufungua nailoni, nasema ahsante naondoka. Ukiruhusiwa, nenda nyuma ya ukurasa wa jina usome mwaka wa toleo, siyo mwaka wa kuchapwa upya, kisha zipitishe kurasa kwa kidole gumba kuanzia A hadi Z.

Ubora wake mkubwa ni ngeli. Kila nomino ina alama yake pembeni, na ubishi wa barazani juu ya neno gani lichukue "hii" na lipi lichukue "hili" unakwisha kabla kahawa haijapoa. Tahajia nayo ni ya kutegemewa, jambo ambalo kwa mtoto wa kidato cha nne ni alama za bure.

Udhaifu wake nimeuona baharini. Nilikaa siku moja nikatafuta samaki wetu mmoja baada ya mwingine. Aina ya samaki. Aina ya samaki wa baharini. Nikahamia kwenye miti: aina ya mti. Ni kweli tupu, lakini ni ukweli wa kumwambia mgeni kwamba Mabawa ni aina ya mtaa. Anayesikia "hasira za mkizi tijara ya mvuvi" anataka kujua huyo mkizi hasira zake zikoje, na kwamba akishtuka huruka juu ya maji akaangukia mwenyewe ndani ya chombo. Hiyo habari ya mwisho mwulize mvuvi. Kamusi ya maana fupi haina nafasi nayo.

Kwa anayekula kwa kalamu, mfasiri au mhariri, ningemshauri Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyotolewa na Longhorn mwaka 2015. Ni nene zaidi na inakusanya zaidi, lakini ni ya mezani. Mtoto akiibeba begini kila siku kutoka Sahare, bega litakwenda upande. Ipo pia ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) ya mwaka 2010, ambayo ndugu zetu wa visiwani wanaiita "Kamusi la Kiswahili Fasaha", na hilo "la" peke yake linatosha kuwasha baraza zima. Kwa masikio ya mtu wa pwani ina ladha yake. Mwenye jamaa Unguja au Pemba amwagize. Mimi nina mbili, ya mwaka 2013 kwa watoto na Kuu kwangu, na sijajuta kwa yoyote.

Ya pili: kitabu cha miti

Wengi hawakijui, nami nilikipata kwa bwana shamba mmoja aliyeniazima akasahau kukidai. Kinaitwa Useful Trees and Shrubs for Tanzania, cha mwaka 1994, kazi ya L. P. Mbuya na wenzake. Kiko kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo kasoro iliyokinyima nafasi ya kwanza. Lakini kila mti una michoro ya majani na matunda, na chini ya jina la kisayansi kuna majina ya lugha zetu, Kisambaa na Kizigua yakiwemo. Kitabu kinachojua kwamba mti mmoja una jina lingine ukipanda milimani, hicho kimeandikwa na watu waliotembea kwa miguu.

Na hakiishii kwenye jina. Kinaeleza mti unapendelea wapi, unatumika kwa nini, mbegu zitayarishwe vipi, zihifadhiwe vipi. Mama mkwe aliwahi kuweka mbegu za mwarobaini kwenye kopo la maziwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine, akazisia kitaluni, hakikuchomoza hata kimoja. Akasema shamba limeharibiwa. Nikamsomea: mbegu za mwarobaini hazikai, zinapoteza uhai baada ya wiki chache, zipandwe zingali mbichi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hicho kitabu kiache hapa." Kimebaki huko.

Kasoro nyingine ni mpangilio. Miti imepangwa kwa jina la kisayansi, kwa hiyo anayejua "mkwaju" tu lazima apite kwanza kwenye orodha ya majina. Dawa yake ni kalamu: andika jina lako la Kiswahili pembezoni mwa kila ukurasa unaouhitaji, ukifika miti ishirini hutataabika tena.

Ya tatu: samaki

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwaka 1985 mwongozo wa samaki na viumbe wengine wa biashara wa bahari ya Tanzania, mwandishi G. Bianchi. Cha kuchapwa ni bahati kukiona. Mimi nilipakua nakala yake mtandaoni, nikaichapisha stesheneri na kuifungisha waya pembeni, gharama ikawa chini ya kitabu cha kawaida cha sekondari. Michoro ni ya wino, mistari mitupu, na nilidhani hapo ndipo kitakapofeli.

Nikakipeleka Kigombe. Baba mdogo alikuwa amekaa mchangani anashona wavu, sindano mdomoni. Hasomi Kiingereza, na Kiswahili chenyewe mpaka apewe miwani. Akafuta mikono kwenye kikoi, akaanza kufunua. Chewa. Pono. Huyu kolekole. Chuchunge, tizama mdomo wake. Alikwenda kurasa thelathini bila kusita, anatambua kwa pezi na mkia tu, rangi hana haja nayo. "Rangi ya samaki," akaniambia, "akishakufa saa moja imeondoka. Huyu aliyechora anajua kazi." Kumbe wino niliouona upungufu ndio ulikuwa ubora.

Alipofika kwenye majina ya Kiswahili ndipo ugomvi ulipoanza. Mengine aliyakubali, mengine akayasukuma mbali: hilo jina la watu wa kusini, hilo sijalisikia, hilo ni la samaki akiwa mdogo. Pwani ni ndefu na kila bandari ina ulimi wake. Usinunue kitabu hiki ukitaraji majina ya hapa Tanga peke yake.

Mwisho akauliza, "Silikanti yuko wapi?" Huyo samaki wa kale wa vilindini hayumo, na asingeweza kuwamo. Wavuvi wa Tanzania walianza kumnasa kwenye majarife ya kina kirefu kuanzia mwaka 2003, na hifadhi ya bahari ya Tanga yenye jina lake ikaundwa 2009. Kitabu cha 1985 kingemjulia wapi? Ndiyo sababu nasisitiza mwaka wa toleo.

Mwenye fedha na anayetaka rangi, yupo Matthew Richmond na mwongozo wake wa fukwe za Afrika Mashariki, uliotoka mara ya kwanza 1997 na kurudi umeongezwa. Una kaa, chaza, matumbawe, majani ya bahari, karibu kila unachokanyaga maji yakipwa pale Raskazone. Ni mzito, ni wa Kiingereza, na hauingii kwenye ngalawa. Wa mwalimu wa bayolojia huo.

Ya nne: Mahali Pasipo na Daktari

Najua nitalaumiwa kwa kukiweka huku chini, maana kimeokoa watu wengi. David Werner alikiandika kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanakijiji wa milima ya Meksiko, Kiingereza kikatoka 1977, na Kiswahili kipo. Lugha yake ni nyepesi, michoro inaeleza hata kwa asiyesoma: namna ya kumpa maji mtoto anayeharisha, namna ya kufunga mkono uliovunjika, dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi. Kwa hayo hakizeeki.

Kinachozeeka ni dawa. Nakala nyingi za turubai ni za zamani, na ukisoma habari za malaria utakuta klorokwini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshaizoea, tukaingia kwenye vidonge vya SP, na kufikia mwisho wa 2006 tukahamia dawa mseto. Anayefuata ukurasa wa zamani na mtoto ana homa anapoteza siku ambazo hana. Nakala yangu nimeipigia mistari kwa wino mwekundu kwenye kurasa za dawa, nikaandika "uliza zahanati". Ukikuta toleo jipya, kipandishe nafasi mbili. La zamani nalo nunua, ila kwa sharti la kalamu nyekundu.

Ya tano ni ya ndege, na sitakawia. Stevenson na Fanshawe, Birds of East Africa, 2002, na toleo la pili 2020. Picha upande mmoja, maelezo upande wa pili yanatazamana nazo, hupekui. Kama unataka kutembeza wageni msituni Amani, ambako kuna ndege chozi aliyepewa jina la Amani lenyewe, huna njia, kinunue. Kama unataka tu kujua ni ndege gani anayedonoa mipapai yako, usijisumbue: jina la Kiswahili halimo, na jirani yako anamjua.

Ya sita, kwa wenye ugonjwa kama wangu: kamusi za kale. Ya Frederick Johnson, Kiswahili kwa Kiingereza, ni ya mwaka 1939. Maneno yamefichwa chini ya vitenzi vyao, unamtafuta msemaji kwenye "sema", na asiyezoea hutupa kitabu. Lakini ilikusanywa wakati majahazi bado yanafuata kaskazi na kusi kwa biashara, na kwenye maneno ya chomboni kama foromali, mkuku na joshini haikwepi. Mwaka huohuo Paris ilitoka ya padri Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi huku pwani na visiwani akisikiliza lahaja moja moja, ya Mrima ikiwemo. Kurasa ni zaidi ya elfu moja na zote Kifaransa. Nimeiona mara moja tu, nikaishika kama mtoto wa mtu. Kwa matumizi ya nyumbani haina kazi. Ningekuwa nayo, nisingemwazima hata mkwe wangu.

Jambo moja la kutazama kabla ya kulipa, kwa vyote: mgongo. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, na kitabu kilichobandikwa gundi tupu kikipita masika mawili kinaanza kuachia kurasa kama mgomba unaokauka. Kifunue katikati ukitazame kwa ndani. Ukiona uzi, kimeshonwa, ongeza hela ukichukue. Nyumbani usikiegemeze ukutani kunakotoka jasho wakati wa mvua, na usikifungie sandukuni kisipate hewa, ukungu utakimaliza. Kabati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na mchwa, linatosha.

Baba mdogo ana njia yake. Ile nakala ya samaki ameitia kwenye mifuko miwili ya nailoni, ameifunga kwa uzi wa nyavu, na inakaa ndani ya ngalawa chini ya gudulia la maji. Nimeshaidai mara tatu. Kila nikiidai napewa chewa mmoja, tena wa haja, narudi mjini.