Kituo chetu cha afya usiku: nyota nne, na wasikifunge saa nne

Naandika kama dereva. Nina Probox, naishi upande wa Geita, na mbali na abiria wa kawaida nimeandikishwa kuwa dereva wa jamii wa M-Mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga. Mjamzito akizidiwa, ndugu zake wanapiga 115 bila malipo, wa kwenye simu wanatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana wananipigia mimi. Nikimfikisha mama salama, nauli inaingia kwenye simu. Ndiyo maana kituo cha afya cha kata yetu nakijua zaidi usiku kuliko mchana, na ninachokipima hapa ni huduma ya usiku. Jina la kituo siliandiki. Jambo bado linajadiliwa na sitaki wauguzi waulizwe nani kasema.

Pendekezo tulisomewa kwenye mkutano wa kata. Wagonjwa wa nje, maabara, dirisha la dawa na vitanda vya watoto vifungwe saa nne usiku hadi asubuhi. Wodi ya wazazi ibaki na muuguzi mmoja. Tulipewa sababu mbili: watumishi hawatoshi, na daftari linaonyesha wagonjwa wa usiku ni wachache.

Kwanza nieleze huduma yenyewe ilivyo sasa. Mlinzi akiona taa za gari anafungua geti, maswali baadaye. Sista wa zamu anamwangalia mgonjwa usoni kabla hajauliza kadi. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinatoa jibu ndani ya dakika 20, na wa maabara akiamshwa anapima kundi la damu na wingi wa damu usiku huohuo. Tabibu anakaa nyumba ya watumishi ndani ya uzio; ukisikia mlango wake unafunguka, ujue ndani ya muda mfupi yuko chumba cha matibabu. Umeme ukikatika, wodi ya wazazi ina taa za sola.

Nyota moja nimeiondoa kwa haki. Choo cha nje hakina taa, na mama mwenye uchungu hapaswi kushikilia tochi ya simu huko. Dirisha la dawa ufunguo anao mtu mmoja, akichelewa watu wote wanasubiri. Dawa za maji za watoto huisha, ndugu wanatumwa kununua nje saa ambayo maduka yamefungwa. Haya yanarekebishika.

Sasa suala la vitanda vya watoto, ambalo ndilo linaninyima usingizi. Mtoto mwenye malaria kali anachomwa sindano ya artesunate akifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza. Baada ya hapo, akiweza kumeza, ndipo anapewa dawa mseto kwa siku tatu. Mtoto aliyeletwa saa tisa alasiri, wakati kituo kiko wazi na kila mtu yupo kazini, sindano yake ya pili ni saa tisa usiku. Kwa ratiba mpya atachomwa moja, halafu? Apewe barua ya rufaa jioni na mama yake atafute gari la kwenda hospitali wakati dawa ileile iko kabatini hapa? Anayehesabu wagonjwa kwa saa waliyoingia getini hamwoni mtoto huyu kabisa. Daftari linamwandika wa mchana.

Nilimsikia sista mmoja akimwambia baba aliyetaka kumchukua mwanawe usiku kwa sababu homa imeshuka: "Baba, homa imeshuka, ugonjwa haujaisha. Hatoki hapa mpaka sindano ya tatu." Baba alikubali, akaketi. Nani atamwambia maneno hayo saa tano usiku mlango ukiwa na kufuli?

Na huyo muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi. Mama akishajifungua anachomwa oksitosini papo hapo kuzuia damu. Damu ikiendelea, kuna kukanda tumbo la uzazi, kuna kuweka dripu, kuna kupima presha, kuna kupiga simu ya rufaa, na kichanga naye anahitaji mikono. Mimi dereva nimewahi kushikishwa chupa ya dripu mlangoni kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi, na siku hiyo watumishi walikuwa zaidi ya mmoja.

Huku kwetu wachimbaji wadogo wanafanya kazi usiku pia. Mtu akiangukiwa na kifusi duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, M-Mama haimhusu; ile ni ya wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na vichanga wa hadi siku 28. Mchimbaji analetwa na pikipiki, kakaa katikati ya watu wawili. Anahitaji mtu wa kuzuia damu na kufunga mfupa kabla ya safari ndefu.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi, nashukuru. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, haisubiri tena kivuko usiku. Lakini daraja linamsaidia mgonjwa aliyekwisha kutulizwa na kupewa mwelekeo. Nikikuta kituo kimefungwa, mimi ndiye nitakayeamua mgonjwa apelekwe wapi, na mimi sikusomea.

Suala la watumishi nalielewa. Sista anayelala kwa muda wa saa mbili tu kisha anaingia zamu nyingine amechoka, na posho yake ikichelewa ana haki ya kulalamika. Basi posho ilipwe kwa wakati. Maabara iwe ya kuitwa badala ya kukesha, maana mhusika anaishi ndani ya uzio. Ufunguo wa pili wa dawa akabidhiwe muuguzi wa zamu. Jengo la wagonjwa wa nje lilijengwa kwa fedha za tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021; tulikatwa wote, pamoja na mimi kwenye nauli zangu. Sioni kwa nini jengo hilo likae giza usiku.

Mpaka uamuzi utoke, kituo kiko wazi usiku kucha, nendeni bila wasiwasi. Mje na kadi ya kliniki, tochi, na mtu wa kubaki na mgonjwa. Kamati ya kituo inapokea maoni ya maandishi kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Aliyewahi kulaza mtoto pale aandike saa aliyofika na saa za kila sindano, maana hizo ndizo saa ambazo hazikusomwa mkutanoni.