Nililipia ulinzi wa gari, nikakuta panya wamezaa kwenye injini

"Panya ni wa Mungu, mama." Hivyo ndivyo alivyonijibu kijana wa dirishani kwenye maegesho ya kulipia hapa Mbeya, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinanibana. Jina la maegesho silitaji.

Niliwaachia gari wiki tatu hivi, kipindi cha ile baridi ya Juni kwenda Julai, nikaenda Dar kumuuguza dada yangu. Nililipa siku zote mwanzoni, shilingi 2,000 kwa usiku, sikubakiza deni. Nikarudi na basi la usiku, vidole vimekufa ganzi, nikatia ufunguo. Gari likawaka kwa kusitasita, usukani unatikisika mikononi, taa ya injini imewaka njano, halafu likazima. Na harufu! Aliyewahi kufungua stoo ya mahindi iliyofungwa muda mrefu anaujua huo mkojo wa panya.

Nikafungua boneti. Juu ya betri palikuwa na magunzi mawili yaliyotafunwa, na maganda ya maharage yamejaa kila kona. Ile sponji inayobandikwa chini ya boneti ilikuwa imenyofolewa, imechanganywa na nyuzi za kiroba na kufanywa kiota. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wa panya, wekundu, hata macho hawajafumbua. Waya zinazoenda kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zilikuwa zimemenywa mpaka shaba inaonekana, na mbili zimekatika kabisa.

Panya siwalaumu. Meno yao ya mbele hayaachi kukua maisha yao yote, kwa hiyo lazima watafune kitu. Na msimu ule ndio watu wanavuna. Ukuta wa maegesho yale umepakana na stoo ya mahindi na maharage, basi panya akishashiba anavuka tu, anatafuta mahali penye giza, pasipo na upepo, azalie. Mwenye maegesho hilo analijua. Mlinzi wa usiku mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba gari langu si la kwanza.

Nikaenda dirishani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema wao wanazuia wezi tu. Nikamuuliza, "Sasa kijana wangu, mngenipigia simu basi, namba yangu si mliiandika?" Ndipo akanijibu hayo ya Mungu, akaongeza, "Ulitaka tuwafunge pingu?" Wenzake wawili wakacheka. Mimi nina umri wa mama yake, nimetoka kuuguza, sijalala. Kisha, wakati bado nahangaika kumpata fundi, saa mbili asubuhi ikapita, akanidai usiku mwingine, eti muda wangu umekwisha na gari bado limo ndani. Gari ambalo haliwaki! Nikalipa. Risiti ninayo.

Lakini haki ya mtu nisiile. Yule mzee mlinzi alikuwa ameshamaliza zamu, akabaki. Aliniletea chai ya moto, akanishikia tochi, akasaidia kusukuma gari mpaka getini, na nilipompa hela ya chai akaikataa. Nikamwambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, machozi yananilenga. Na kwa upande wa wizi, redio, jeki na tairi la akiba nilivikuta vyote. Kwa ajili ya yule mzee nilikuwa tayari kuandika kwamba pale panafaa.

Fundi umeme wa Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, alipofika, kwanza alinigombeza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukitoa kile kiota kwa mikono mitupu. Akanikumbusha homa ya mgunda iliyoua watu kule Lindi mwaka 2022, kwamba mkojo wa panya ni njia mojawapo ya kuipata. Akavaa glovu, akalowesha kila kitu kwa maji ya jiki ndipo akafuta. Waya aliziunga moja moja kwa risasi ya kuyeyusha, hakusokota na kuzungushia tepu nyeusi kama wanavyofanya wengine. Nilipomuuliza kuhusu kuweka vidonge vya nondo ili kufukuza panya akasema harufu yake inaisha, panya anarudi. Alimaliza mchana, shilingi 120,000. Bima yangu ni ile ndogo, huko hata sikujisumbua. Fundi huyo nitamrudia siku zote.

Nilitaka kuishia kusema kwamba kwa usiku mmoja au miwili maegesho yale hayana shida, ila wiki tatu hapana. Lakini juzi nimepita nje na daladala, nikaona magunia yamepangwa mpaka yanachungulia juu ya ukuta, na getini wamepaka rangi upya: MAEGESHO SALAMA. Kijana yuleyule yuko dirishani. Angesema tu "pole, mama", nisingekuwa naandika haya. Hata huo usiku mmoja nimeufuta. Waya ya nozeli ni nyembamba, panya anaimaliza kabla jogoo hajawika.