Pikapu mpya au iliyotumika: hesabu za mkulima wa Tabora

Kila msimu wa tumbaku unapokaribia, Tabora hurudia mjadala uleule: mwenye fedha anunue Toyota Hilux mpya, au achukue iliyotumika?

Kwa bei, iliyotumika inashinda, ingawa anayeagiza kutoka nje akumbuke kwamba gari la umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa kutegemewa, mpya ina warantii na historia inayojulikana.

Matunzo ndiyo yanayonisumbua zaidi. Injini ya lita 2.8 ya Hilux za karibuni, iliyoanza mwaka 2015, hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa linalodhibitiwa na kompyuta, hivyo mafuta machafu ya kwenye madumu huweza kuua nozeli zake, na kuzipima kunahitaji vifaa maalumu. Injini ya zamani iitwayo 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), yenye pampu ya kimakanika, hufunguliwa na fundi wa kawaida chini ya mwembe. Hata hivyo, usidanganywe na rangi inayong'aa: lala chini, gonga chesisi kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaposhikizwa, na kutu ikidondoka kwa maganda, ondoka.

Anayeleta asali kutoka Sikonge kila wiki kwa mkataba, ambaye gari likilala gereji anampoteza mteja, ana sababu nzuri ya kununua mpya. Anayebeba marobota ya tumbaku miezi michache tu, na ambaye mkopo utamdai hata gari likiwa limeegeshwa, iliyotumika inamfaa zaidi, mradi atenge fedha za springi, tairi na klachi kabla ya kuiingiza barabarani.