TAHADHARI: "Kapla za chuma" za treni za skeli ya G, usitoboe behewa kabla hujasoma hapa

Wadau wa treni kubwa za modeli, yaani skeli ya G, nawaomba mnisikilize, hasa wewe unayetaka kung'oa ndoano na vitanzi vya treni za chapa ya LGB ili ufunge kapla za taya, yaani viunganishi vya mabehewa vinavyoshikana kama viganja. Kuna muuzaji mtandaoni anauza seti za "kapla za chuma, zinaingia treni yoyote ya skeli ya G". Nimenunua kwake na nimepigwa, na utapeli huu umepangwa.

Mtego uko kwenye sharti la kurudisha mzigo: kapla ikishafungwa au behewa likishatobolewa, hurudishiwi hela. Sasa kapla inayofungwa kwenye bodi utaujuaje ubovu wake bila kutoboa na kuivutisha mabehewa? Ukishatoboa tu, amekumaliza.

Kwa macho zinapendeza, weusi umekolea na springi zinarudi vizuri. Kwenye tambarare treni ilikwenda bila shida. Ilipoanza kupanda mlima na mzigo, taya la behewa la pili likaachia lenyewe, mabehewa yote ya nyuma yakarudi chini hadi kwenye kona na kupinduka. Nikalikwangua lile taya kwa ncha ya kisu: chini ya rangi ikatokea plastiki nyeupe. Plastiki! Zipo kapla nzuri za plastiki na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kutozwa bei ya chuma.

Nikamtumia picha ya sumaku isiyoshika chochote. Akajibu kwamba zinki haivutwi na sumaku. Hapo ndipo anapowapata wengi, kwa sababu kuhusu zinki anasema kweli. Ila ule mkia mwembamba uliopinda chini ya kapla lazima uvutwe, maana ndio sumaku ya kwenye reli huusukuma pembeni ili taya lifunguke. Wake hauvutwi hata kidogo. Kwa hiyo hata kule kutenganisha mabehewa kwa sumaku alikokutangazia hakupo.

Na hilo neno "yoyote" nalo ni uongo mtupu. Reli yenye upana wa milimita 45 inapitisha modeli zilizopunguzwa kwa uwiano wa 1:20.3, 1:22.5, 1:24, 1:29 na 1:32 wa treni halisi, na sakafu za mabehewa hayo hazina kimo kimoja. Kampuni ya Kadee, ambao kapla zao zinatumiwa sana, wana ukubwa wa skeli ya G na mwingine mdogo zaidi wa skeli ya 1, tena wana shingo zilizonyooka na zilizopanda au kushuka ili kufidia kimo. Kapla isipokutana na mwenzake katikati, moja huteleza juu ya nyingine kwenye kila bonde la reli, na ule mkia wa kapla ukining'inia chini mno unanasa pale reli zinapogawanyika.

Kama mzigo umeshafika, usiguse drili. Weka sumaku kwenye mkia, kwangua mahali pasipoonekana, halafu ishikize kapla kwenye behewa kwa gundi ya karatasi ya pande mbili na uilinganishe na kipimo cha kimo. Hayo yote hayaachi tundu. Piga picha na video ukiwa bado unafungua boksi.

Ukidai hela, sema bidhaa haifanani na tangazo. Usiseme haikukufaa, kwa sababu hapo atakuhesabu kama mtu aliyebadili mawazo. Malalamiko yabaki ndani ya mfumo uliolipia. Atakubembeleza mhamie kwenye meseji za pembeni, akuahidi kukutumia seti nyingine, muda wa kudai ukiisha anaingia mitini.

Duka linabadilishwa jina mara kwa mara, lakini picha hajabadilisha: kapla mbili zimeshikana juu ya kitambaa cha bluu, na rula pembeni imekatwa namba zisionekane. Aliyeiona chini ya jina jipya aweke hapa.