Picha ya baba ya 1979: huduma niliyoipata studio moja Majengo, Mtwara mjini

Naanza na nyota kabisa, natoa 5 zote, alaf nieleze kwanini, mana najua nyumba nyingi hapa Mtwara zina picha ya mzee ukutani inaliwa na unyevu na hewa ya chumvi na watu hawajui pa kuipeleka.

Baba yetu tumemzika mwaka huu. Alikuwa askari wa JWTZ, aliingia 1975, vita ya Kagera ameipigana, miaka ya themanini akapelekwa Msumbiji, alipostaafu akarudi kulima korosho Nanguruwe. Picha yake ya ujana akiwa kwenye sare tunayo moja tu duniani. Aliipiga studio Bukoba mwaka 1979 wakati wanarudi kutoka Uganda, akamtumia bibi huku kusini, nyuma yake ameandika kwa kalamu ya bluu "Mama nipo hai". Bibi hakujua kusoma, alisomewa na mwalimu wa madrasa, na kuanzia hapo ile picha haikutoka kitandani kwake mpaka anakufa.

Sasa hiyo picha ikaja kuwekwa kwenye fremu ya kioo, na kwa joto letu hili ikagandana na kioo. Kona moja mchwa wamekula, usoni kuna mkunjo umepita katikati ya pua. Tulikuwa tunaitaka kwa ajili ya arobaini, iwe kubwa, kila mtoto apate na yake ndogo.

Sehemu ya kwanza niliyopeleka sitaji jina, sina ugomvi nao. Walipiga picha ya picha kwa simu, baada ya siku mbili wakanitumia mtu mweupe, uso laini kama wa bwana harusi, wamemvalisha kombati ya madoadoa ya siku hizi. Kovu la juu ya jicho hamna. Nilikaa nayo kwenye bodaboda nikalia, kwasababu lile kovu ndio baba mwenyewe, tulikuwa tunalishika tukiwa wadogo tunamuuliza alilipata wapi na yeye anasema "nilianguka nikikimbia", basi, haongezi neno.

Jirani ndio akanielekeza kwa huyu fundi wa Majengo. Kifremu cha duka kidogo tu, mashine mbili, feni na benchi moja. Nilivyofika nikaanza kubandua picha kwenye kioo nimuonyeshe, akanishika mkono, "dada usiibandue, sura itabaki kwenye kioo". Akaeleza kwamba picha za zamani rangi yake imekaa juu juu kwenye utando, ukibandua kavu kavu unatoka na utando. Akafungua mbao ya nyuma taratibu, akasafisha kioo kwa nje, akaiskani hivyo hivyo na kioo chake. Alaf akaona yale maandishi ya baba kwa bibi. Hakuniuliza, akaiskani na nyuma pia. Mimi kwakweli nilikuwa sijafikiria kabisa kuhusu ule upande wa nyuma!

Kilichonifanya niandike haya yote ni maswali yake. Picha haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, mimi nikamwambia aweke rangi tu ipendeze. Akasema rangi ya sare haijui na hataki kubuni, je kuna mtu aliyekuwa naye? Yupo mzee mmoja anakaa Mikindani, walikuwa kombania moja na baba, nikampigia akaja siku ya pili yake na bajaji, ana miaka zaidi ya sabini. Yule kijana akamwamkia, akamwachia kiti chake, akamkuzia picha kwenye skrini, na wakakaa saa nzima na zaidi. Mzee anamwelekeza mkanda ulivyokaa, begani pale sio doa ni cheo, alikuwa koplo wakati ule, usajini aliupata baadae. Alaf mzee akaanza kusimulia mwenyewe. Jinsi daraja la Kyaka lilivyokuwa limelipuliwa na majeshi ya Amin, jinsi walivyotembea kwa miguu, Mutukula, Masaka, mpaka Kampala inaanguka Aprili 11, 1979 na miguu imevimba ndani ya buti. Na kovu. Kumbe baba alikuwa anamvuta mwenzake aliyejeruhiwa, akaanguka kwenye mawe akiwa amembeba. Kweli alianguka akikimbia! Miaka yote ile alituambia ukweli na sisi tukijua anatukwepa.

Mwenzake hakupona. Hilo nalo ndio nimelijua kwenye benchi la studio.

Mwishowe hatukuweka rangi, mzee alisema iachwe kama ilivyo na fundi akakubali hapo hapo japo kazi ya rangi ndio ingemwingizia hela zaidi. Mkunjo wa pua kauondoa, kona iliyoliwa kaijaza, kovu kaliacha. Weusi wa baba kauacha.

Bei: picha kubwa na fremu 45,000, ndogo sita 5,000 kila moja, na yale maandishi kaniprintia kwenye karatasi nzuri bure. Faili zote kanipa kwenye flashi. Akanionya pia nisiipige leminesheni ile picha ya asili, wala nisiirudishe ukuta wa upande wa bahari, niiweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Mnaotunza picha kwenye mifuko ya nailoni badilisheni, unyevu unafungiwa humo humo ndani.

Kasoro zipo. Alichelewa siku moja, umeme ulikatika mchana kutwa na hana jenereta, nikapata presha mana hitma ilikuwa kesho yake. Na kwenye karatasi ya wasifu wa baba alikosea akaandika koplo mpaka mwisho badala ya sajini, ila alichapa upya usiku huo huo bila kudai hata mia. Pale mbele kuna ngazi tatu ndefu, ukija na mzee mshike mkono.

Siku ya hitma baba mdogo, ambae ni mtu wa msikitini, alisema picha isikae pale inaposomwa Kurani, tukaitundika chumba cha ndani na hakuna aliyenuna. Watu wakawa wanaingia mmoja mmoja. Mama aliingia akakaa muda mrefu peke yake, alivyotoka akauliza tu ule mwandiko wa nyuma naomba nikae nao mimi. Upo kwake sasa, chini ya mto.

Kila Julai 25, siku ya mashujaa, baba alikuwa anaamka saa kumi na moja, anapiga buti rangi, anaenda makaburi ya mashujaa Naliendele walikolazwa wenzake waliofia Msumbiji. Hatuambii twende wala tusiende. Mwaka huu tulienda sisi watoto wote sita.

Yule mzee wa Mikindani kanipigia juzi. Na yeye anayo picha yake moja, imechanika katikati, anasema mwanangu nipeleke kwa yule kijana nikiwa bado naweza kumwelekeza mwenyewe. Jumamosi asubuhi namfuata na bajaji.