Baiskeli ya resi kwa mwendeshaji mwenye umbo dogo: tathmini ya huduma ya fundi mmoja wa Ngamiani, Tanga

Tanga ni mji unaoijua baiskeli. Asubuhi, kuanzia Makorora hadi Chumbageni, utawakuta wanafunzi, wauza samaki na akina mama waendao sokoni wakipishana juu ya magurudumu mawili, na fundi hakosekani kila baada ya mitaa michache. Hata hivyo, ujuzi huo umekulia zaidi kwenye baiskeli nzito kama Phoenix na zile za mtumba, ambazo mtu hushusha kiti, akahakikisha mguu unafika chini, akaenda zake. Baiskeli ya resi haikubali utaratibu huo, hasa kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 48 kama mimi. Nimemtumia fundi mmoja wa Ngamiani kwa miezi mitano kuibadilisha baiskeli yangu kipuri baada ya kipuri, na kazi yake imenifunza jambo ambalo ningependa kila mwanamke mfupi alijue kabla hajatoa fedha zake: kipimo cha mtu mdogo hakianzii kwenye kiti, kinaanzia mikononi.

Baiskeli yenyewe niliinunua kwa muuzaji wa mji mwingine. Ni fremu namba 49 ya aluminiamu, yenye uma wa kaboni, magurudumu ya 700C (kipimo cha kawaida cha baiskeli za resi), breki za kubana rimu na seti ya gia na breki ya kampuni ya Shimano iitwayo 105, toleo la R7000. Muuzaji alinihakikishia kwamba nikishusha kiti itanitosha. Nilikishusha hadi karibu na mwisho, na bado nilipofika Pongwe kwa mara ya kwanza viganja vilikuwa vimekufa ganzi, shingo imekaza na magoti yanauma kwa mbele. Jambo lililonitia hofu kuliko yote ni kwamba nilipoinama kushika pembe za chini za usukani, ncha za vidole viwili tu ndizo zilizogusa breki. Barabara ya Tanga hadi Muheza hupita malori na mabasi, na mtu asiyeweza kukamata breki kwa vidole vizima hana ruhusa ya kuwa kwenye barabara hiyo.

Nilipompelekea fundi, nilianza kumweleza habari za kiti. Alinisikiliza, kisha akasema, “Mwanangu, baiskeli nitaitazama baadaye. Panda kwanza nikuone wewe.” Nilipanda nikiwa nimeegemea ukuta wa kibanda chake, akanizunguka mara mbili bila kugusa chochote. Baada ya hapo alimwita mkewe kutoka ndani, akampa futi ya fundi cherehani na kumwelekeza namna ya kunipima: upana kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega, urefu wa mkono, na urefu wa mguu kwa ndani nikiwa peku, nimesimama wima ukutani na kitabu chenye jalada gumu kimebanwa juu kati ya mapaja. Yeye mwenyewe alisimama nje akiandika namba alizosomewa. Nalitaja hili kwa shukrani, kwa kuwa wapo wanawake wengi ambao hawajawahi kupimwa kwa ajili ya baiskeli kwa sababu tu hawakupata mahali ambapo wangepimwa kwa staha.

Namba zilikuwa wazi. Mabega yangu yana sentimita 36, na usukani niliouziwa ulikuwa na upana wa sentimita 42, ambao hufungwa kwa kawaida kwenye baiskeli za wanaume wa umbo la kati. Mtu anaposhika usukani mpana kuliko mabega yake, mikono hutanuka, viwiko hufunga, na kila mtikisiko wa barabara hupanda moja kwa moja hadi shingoni. Tena kutanua mikono hula urefu wake, kwa hiyo usukani mpana humfanya mtu mfupi ajione yuko mbali zaidi na breki kuliko alivyo. Fundi alipendekeza upana wa 38. Ungepatikana wa 36 ningeuchukua, ingawa baada ya kuendesha katika upepo wa kusi kuelekea Tongoni naona kwamba ule upana wa ziada kidogo hunisaidia kuituliza baiskeli upepo unapopiga kwa ubavu. Anayenunua aulize vilevile kipimo kimechukuliwa wapi, kwa kuwa watengenezaji wengine hupima katikati ya bomba hadi katikati, na wengine hupima ukingo wa nje hadi ukingo wa nje.

Upana ni nusu ya habari ya usukani. Nusu nyingine ni umbali ambao usukani unakwenda mbele kabla haujapinda kushuka chini. Usukani wa awali ulikwenda mbele milimita 85, na ule mpya unakwenda milimita 70. Shingo inayoushika usukani nayo ilikuwa na urefu wa milimita 100, fundi akaweka ya milimita 80. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 15 za usukani na 20 za shingo zinafanya 35, yaani sentimita tatu na nusu zilizorudishwa kwangu bila kuigusa fremu. Nilimwomba aweke shingo ya milimita 60 ili nisogee zaidi, naye akakataa kwa heshima, akinieleza kwamba shingo ikiwa fupi mno kwenye baiskeli ya aina hii usukani huwa mwepesi kupita kiasi na gurudumu la mbele hucheza kwenye mteremko. Nashukuru alikataa. Kwa anayeagiza kutoka mbali, ahakikishe pia unene wa usukani pale unapobanwa na shingo: mingi ya sasa ni milimita 31.8, ya zamani ilikuwa 26.0 au 25.4, na isipolingana hakuna spana itakayosaidia.

Kazi ya breki ilichukua dakika chache tu, na ndiyo iliyobadilisha zaidi usalama wangu. Vishikio vya R7000 vina skrubu ndogo ambayo ikizungushwa huleta kishikio karibu na usukani. Mwaka mzima ilikuwapo na hakuna aliyenionyesha. Fundi aliizungusha vishikio vyote viwili, kisha akafanya jambo ambalo wengi husahau, yaani kuvuta waya upya ili raba zishike rimu mapema, kwa sababu kishikio kilichosogezwa karibu kina nafasi ndogo ya kusafiri na kinaweza kugota kwenye usukani kabla breki haijauma. Sasa nashika kwa vidole viwili vizima, hata nikiwa nimeinama. Kama baiskeli unayotaka kununua ina vishikio vya zamani visivyo na skrubu hiyo wala nafasi ya kuweka kipande cha plastiki cha kuvisogeza, na mkono wako ni mdogo, nashauri uiache.

Baada ya mikono ndipo tulipokuja kwenye krenki, yaani mkono unaobeba pedeli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wafupi wanapodhulumiwa bila kujua. Krenki zangu zilikuwa za milimita 170. Mguu wangu kwa ndani una sentimita 70. Mwanaume mwenye mguu wa sentimita 82 anayetumia krenki hiyo hiyo anazungusha duara ambalo nusu kipenyo chake ni kama asilimia 21 ya mguu wake, ilhali kwangu ni zaidi ya asilimia 24. Kwa uwiano wake yeye, mimi ningehitaji krenki ya takriban milimita 145, ambayo haipo katika seti za kawaida za resi. Kwa hiyo pedeli inapofika juu, goti langu hupandishwa hadi karibu na kifua, nyonga hujikunja kupita kiasi, na msukumo wa kwanza wa kwenda chini hubebwa na goti lililokunjwa mno. Ndiyo maumivu yale ya mbele ya goti, na ndiyo sababu kushusha kiti kuliyazidisha badala ya kuyaondoa.

Shimano ilitengeneza krenki za 105 R7000 kuanzia milimita 160, lakini hizo hazikupatikana Tanga katika muda niliokuwa tayari kusubiri. Fundi alinipatia za 165 zilizokwisha kutumika, zenye meno 50 na 34, kwa shilingi 180,000. Milimita tano zinaonekana kama si kitu. Lakini krenki inapopungua tano, pedeli ya chini nayo hupanda tano, kwa hiyo kiti hupandishwa kwa kiasi hicho hicho ili mguu unyooke kama awali, na hapo juu goti linapata nafuu ya milimita kumi kamili katika kila mzunguko. Kwa urefu wa kiti fundi alianzia na kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, mwendesha baiskeli wa resi wa Marekani, ya kuzidisha urefu wa mguu kwa ndani kwa 0.883, ambayo kwangu hutoa sentimita 61.8 kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile inayopita kwenye fremu) hadi juu ya kiti, kisha akarekebisha kwa kunitazama nikikanyaga. Nilirudi na kurudi mara tatu, na mara zote hakunidai nyongeza.

Krenki fupi imepunguza pia tatizo jingine la fremu ndogo zenye magurudumu makubwa: ncha ya kiatu kugusa gurudumu la mbele unapokata kona taratibu. Haijaliondoa. Tiba yake halisi ni gurudumu dogo. Georgena Terry wa Marekani alilielewa hili tangu miaka ya 1980 alipowaundia wanawake wafupi baiskeli zenye gurudumu la mbele la inchi 24, na baadhi ya watengenezaji wa leo huweka magurudumu ya 650B kwenye saizi ndogo kabisa. Mimi siwezi kubadilisha, kwa sababu rimu ya 650B ni ndogo kwa milimita 38 kwa kipenyo, hivyo ingekaa milimita 19 chini ya raba zangu za breki. Mwenye breki za diski ana uhuru huo.

Sasa kasoro. Fundi huyu hakunipimia kiti. Aliangalia kwa macho, akanipa kiti chembamba cha milimita 130 alichokuwa nacho, na safari moja ya Muheza, kama kilomita 35 za kwenda tu, ilitosha kunionyesha kwamba hakikuwa changu. Udogo wa mwili haumaanishi udogo wa nyonga, na kiti hufuata mifupa ya kukalia. Nilijipima mwenyewe nyumbani kwa kukalia kipande cha boksi juu ya ngazi ya saruji: mifupa iliacha mashimo mawili yenye umbali wa milimita 120 kati ya vitovu vyake, na baada ya kuongeza nafasi ya pembeni nikanunua kiti cha 143, ambacho ninakitumia hadi leo bila malalamiko. Alipokiona alikubali kosa na akarudisha fedha za kile cha kwanza.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Hana spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Boliti za shingo ya usukani kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni mita 5 hivi, na kwenye uma wenye shina la kaboni kukaza kwa mazoea ya mkono ni hatari ambayo haionekani mpaka siku kaboni inapopasuka. Nilimwambia waziwazi, naye akaniruhusu nilete spana ya kuazima na tukakagua boliti zote pamoja. Mbili zilikuwa zimezidishwa.

Matairi nayo aliyajaza upepo wa paundi 110, kama anavyowajazia wanaume wenye kilo 80. Kwa uzito wangu baiskeli ilirukaruka kwenye kila kokoto. Nimehamia matairi ya milimita 28 yenye paundi 55 mbele na 60 nyuma.

Lazima niseme pia kile ambacho hakuna fundi anayeweza kukitatua, nacho ni fremu yenyewe kuwa ndefu. Wanunuzi huangalia urefu wa bomba la juu, lakini katika saizi ndogo namba hiyo inaweza kupotosha: mtengenezaji akisimamisha zaidi bomba la kiti, bomba la juu huonekana limefupika ilhali umbali wa mlalo kutoka ekseli ya krenki hadi kwenye bomba la mbele la fremu, lile linalopitisha shina la uma, haujabadilika hata milimita moja. Huo umbali wa mlalo ndio wa kuuliza. Wengine huficha urefu wa fremu kwa kusukuma kiti mbele, jambo ambalo huusogeza mwili wote mbele ya pedeli na kuurudishia mkono uzito ule ule ulioukimbia. Fundi wangu hakunifanyia hivyo, na ndiyo sababu namwamini.

Gharama ya ufundi kwa kazi yote ilikuwa shilingi 45,000, mbali na vipuri. Usukani na shingo vilichukua wiki tatu kufika, krenki miezi miwili. Anayekwenda kwa fundi wa aina hii avae viatu na nguo atakazoendeshea, kwa kuwa soli nene huongeza urefu wa mguu na suruali pana chini ya baibui hubadilisha ukaaji. Azime spana ya kupimia kama anaweza, ajipime mifupa ya kukalia kabla hajatoka nyumbani, na afike mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, kwani baada ya hapo foleni ya baiskeli zenye pancha huanza na fundi hana tena nafasi ya kumwita mkewe na futi.