Nati za magurudumu kwa gari la porini: chuma au alumini?
Za alumini ni nyepesi, hazishiki kutu nyekundu, na rangi zake zinavutia. Sifa zinaishia hapo. Thredi zake, yaani mizunguko ya ndani inayoshika boliti, ni za metali laini isiyo ngumu. Ukizifungua na kuzifunga mara kwa mara zikiwa na mchanga, zinalika upesi, hasa kwa spana ya umeme. Za chuma ni nzito, na mipako ikichubuka hushika kutu, lakini zinavumilia. Mimi nachukua chuma, tena zilizozibwa juu ili tope lisifikie boliti.

Ila tazama kikalio kwanza, yaani sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu: Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati bapa zenye washa, ilhali rimu nyingi za kubadilishia hutaka nati zenye kikalio cha koni ya digrii 60. Ukizichanganya, gurudumu linaweza kulegea njiani.